Skana bapa

Skana bapa (pia: kichanganuzi bapa) ni kifaa cha kompyuta kinachosoma maandishi, picha au mchoro uliowekwa juu ya kioo na kuugeuza kuwa faili la kidijitali. Inaitwa bapa kwa sababu kioo chake ni tambarare na karatasi hulala juu yake bila kusogea. Kinachosogea ni taa na kihisi vilivyo chini ya kioo. Kwa sababu hiyo inafaa kwa vitu visivyoweza kupitishwa kwenye roli za mashine nyingine, kama vile picha za zamani, vyeti vilivyochakaa, kurasa za daftari na vitabu.

Skana bapa huuzwa peke yake au ikiwa sehemu ya juu ya printa ya kazi nyingi, ile yenye kifuniko cha kutolea fotokopi. Kazi ya kuitumia huitwa kuskani.

Nakala iliyoskaniwa haiwezi kuonyesha zaidi ya kile ambacho kihisi kilisoma siku ya kuskani. Kama picha ilisomwa kwa nukta chache, hakuna programu inayoweza kurudisha kwa uhakika sura au herufi zilizopotea. Jambo hili lina uzito hasa pale ambapo karatasi asili inaendelea kufifia, kuliwa na wadudu au kuota ukungu.

## Historia

Skana ya kwanza ya picha iliyofanya kazi na kompyuta ya kidijitali ilitengenezwa nchini Marekani mwaka 1957 na kundi lililoongozwa na Russell Kirsch katika National Bureau of Standards, taasisi ya serikali iliyoshughulikia vipimo. Haikuwa bapa: picha ilifungwa kwenye pipa dogo lililozunguka huku mwanga uliorudi kutoka kwenye picha ukipimwa. Miongoni mwa picha za kwanza kusomwa ilikuwa ya mtoto wa Kirsch mwenyewe, aliyekuwa na umri wa miezi mitatu. Ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani chini ya pikseli 31,000. Ukurasa mmoja wa A4 ukiskaniwa leo kwa kipimo cha kawaida una pikseli zaidi ya milioni 8.

Njia ya kuelekea skana bapa ilifunguliwa na uvumbuzi wa kihisi cha CCD mwaka 1969 katika maabara za Bell Labs. Wavumbuzi wake, Willard Boyle na George E. Smith, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009. Mwaka 1976 Ray Kurzweil alionyesha hadharani mashine ya kuwasomea vitabu watu wasioona. Mashine hiyo iliunganisha skana bapa yenye kihisi cha CCD, programu ya kutambua herufi na sauti iliyotolewa na kompyuta. Mwanamuziki Stevie Wonder alikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza.

Katika miaka ya 1980 skana bapa zilianza kuingia ofisini pamoja na kompyuta binafsi. Kampuni ya Hewlett-Packard ilianza kuuza skana zake za ScanJet mwaka 1987. Skana nyingi za kipindi hicho zilihitaji kadi maalumu ndani ya kompyuta. Mwaka 1992 ilitolewa TWAIN, kanuni ya pamoja iliyowezesha programu za picha kuwasiliana na skana za watengenezaji mbalimbali. Kuenea kwa USB, iliyotolewa mwaka 1996, kulifanya kifaa hiki kiwe rahisi kuunganishwa nyumbani kwa kebo moja.

## Jinsi inavyofanya kazi

Chini ya kioo kuna mkono wenye taa unaovutwa na mota kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mota husogea kwa hatua ndogo zilizo sawa. Katika kila hatua taa humulika mstari mwembamba wa karatasi. Sehemu nyeupe hurudisha mwanga mwingi, sehemu nyeusi hurudisha kidogo, na sehemu zenye rangi hurudisha baadhi ya mwanga kulingana na rangi zake. Kihisi hupima mwanga huo na kuugeuza kuwa umeme, kisha umeme hugeuzwa kuwa namba. Namba za mistari yote zikipangwa pamoja huwa picha.

Kabla ya kusoma karatasi, skana nyingi kwanza husoma kipande cheupe kilichofichwa chini ya ukingo wa kioo. Kipande hicho huiwezesha kujua nyeupe ni ipi na kusahihisha tofauti ndogo za taa na kihisi.

### Aina za vihisi

Skana bapa za nyumbani hutumia aina mbili kuu za vihisi:

* CCD: mwanga kutoka kwenye karatasi hupita katika vioo na lenzi hadi kwenye kihisi kidogo. Skana ya aina hii huwa nene na nzito zaidi, na kwa kawaida hutumia umeme wa ukutani. Faida yake ni kuona vizuri hata kitu kisichogusa kioo kabisa, kama sehemu ya ukurasa iliyo karibu na mgongo wa kitabu.
* CIS: kihisi kina upana unaokaribia ule wa karatasi na hupita karibu sana na kioo pamoja na taa ndogo za LED. Skana ya aina hii ni nyembamba, nyepesi na ya bei nafuu, na nyingi hupata umeme kupitia kebo ya USB. Udhaifu wake ni kwamba kitu kilichoinuka hata milimita chache kutoka kwenye kioo huweza kutoka na ukungu.

Kwa barua na vyeti bapa aina zote mbili zinafaa. Kwa vitabu vinene na picha zilizojikunja, CCD hutoa matokeo bora.

## Kuunganisha na kompyuta ya nyumbani

1. Mahali. Skana huwekwa juu ya meza imara isiyotikisika, mbali na vumbi na mwanga wa jua wa moja kwa moja. Mtikisiko wakati wa kuskani huacha mistari iliyopinda katika picha.
2. Kufuli ya safari. Skana nyingi za CCD zina swichi inayozuia mkono wa taa usigongegonge wakati wa kusafirishwa, na mara nyingi swichi hiyo huwa na alama ya kufuli. Ni lazima ifunguliwe kabla ya kuwasha. Skana ikiwashwa huku imefungwa hutoa mlio wa kukwaruza na mota yake inaweza kuharibika.
3. Programu ya kiendeshi. Kiendeshi (draiva) ni programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na skana. Hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji. Baadhi ya watengenezaji huagiza kiendeshi kisakinishwe kabla ya kuchomeka kebo, hivyo maelekezo ya skana husika yasomwe kwanza.
4. Kebo. Inafaa kebo ya USB ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Skana inayopata umeme kupitia kebo inaweza kukwama ikiwa imeunganishwa kwenye kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake.
5. Jaribio. Ukurasa wowote wenye maandishi huskaniwa kwanza ili kuhakikisha kwamba kifaa kinafanya kazi, kabla ya kuweka hati yenye thamani.

Windows ina programu yake ya kuskani iitwayo Windows Fax and Scan. Kwenye macOS kuna Image Capture. Kwenye Linux skana nyingi huendeshwa na mradi wa SANE kupitia programu kama Simple Scan. Baadhi ya skana mpya hufanya kazi bila kiendeshi cha mtengenezaji, hasa zile zinazounganishwa kwa Wi-Fi.

### Skana za mtumba

Skana ya zamani inaweza kuwa nzima kabisa lakini ikashindwa kufanya kazi na kompyuta mpya. Sababu ya kawaida ni kiendeshi: mtengenezaji aliacha kukitengeneza, au kilitengenezwa kwa Windows ya biti 32 tu na hakiwezi kutumika kwenye Windows ya biti 64. Kabla ya kununua skana ya mtumba inafaa kuangalia kama kuna kiendeshi cha aina hiyohiyo kwa mfumo wa kompyuta iliyopo. Kikikosekana, njia nyingine ni kujaribu SANE kwenye Linux au programu ya kulipia kama VueScan, ambazo zinaendelea kutumika na skana nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake.

## Hatua za kuskani

1. Kioo hufutwa kwa kitambaa laini kikavu, na vumbi juu ya karatasi au picha huondolewa kwa brashi laini.
2. Karatasi huwekwa kifudifudi, upande unaosomwa ukiangalia kioo. Kona yake hulinganishwa na alama ya mshale iliyo pembeni mwa kioo.
3. Kifuniko hufungwa polepole ili upepo wake usisogeze karatasi.
4. Programu huagizwa kutoa onyesho la awali, yaani picha ya haraka isiyo na ubora mkubwa. Hapo mtumiaji huona kama karatasi imekaa sawa na huchagua eneo la kusomwa.
5. Huchaguliwa idadi ya nukta kwa inchi, aina ya rangi na aina ya faili.
6. Baada ya kuskani, picha hukuzwa kwenye skrini na kukaguliwa kabla ya kuondoa karatasi. Herufi ndogo kabisa zinapaswa kusomeka, na kingo zote nne zinapaswa kuonekana.
7. Faili hupewa jina linaloeleweka, kwa mfano 1974-harusi-01, badala ya jina la namba linalotolewa na programu.

Picha yenye maandishi nyuma huskaniwa pande zote mbili. Majina, tarehe au jina la studio yaliyoandikwa nyuma mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee ya waliomo kwenye picha, na nakala ya upande wa mbele haiyahifadhi.

## Idadi ya nukta kwa inchi

Wingi wa nukta ambazo skana husoma katika kila inchi moja (milimita 25.4) hufupishwa kwa herufi dpi. Nukta zikiwa nyingi, mambo madogo huonekana zaidi, lakini faili huwa kubwa na kazi huchukua muda mrefu. Vipimo vinavyotumika sana ni hivi:

* Maandishi ya kawaida yaliyochapwa: dpi 300.
* Herufi ndogo sana au hati iliyofifia: dpi 400 hadi 600.
* Picha ya karatasi itakayochapwa kwa ukubwa uleule: dpi 300.
* Picha ya karatasi ya kuhifadhiwa au kukuzwa: dpi 600 au zaidi.
* Filamu ya milimita 35: dpi 2400 au zaidi, kwa skana yenye taa maalumu ya filamu ndani ya kifuniko.

Ukurasa wa A4 wenye rangi ukisomwa kwa dpi 300 huwa na pikseli 2480 kwa 3508 na hufikia takriban megabaiti 26 kabla ya kubanwa. Kwa dpi 600 huwa takriban megabaiti 104. Kipimo kikiongezwa mara mbili, ukubwa wa data huongezeka mara nne, kwa kuwa nukta huongezeka kwa upana na kwa urefu.

Mfano unaoonyesha uzito wa uchaguzi huu ni picha ndogo ya pasipoti yenye milimita 35 kwa 45. Familia nyingi zimebaki na picha ya namna hiyo tu ya mzee aliyefariki. Ikiskaniwa kwa dpi 300 hutoa pikseli 413 kwa 531. Ikikuzwa hadi upana wa sentimita 14 ili iwekwe kwenye fremu, hubaki na nukta 75 tu kwa kila inchi na sura huonekana na ukungu. Ikiskaniwa kwa dpi 1200 hutoa pikseli 1654 kwa 2126, na upana huohuo wa sentimita 14 hupata nukta 300 kwa inchi. Hata hivyo skana haiwezi kuongeza kitu kisichokuwamo. Kama picha yenyewe ilipigwa bila kulengwa vizuri, dpi 1200 itaonyesha tu ukungu huo kwa ukubwa zaidi.

Baadhi ya skana hutangazwa kwa namba mbili za dpi. Namba ya kuzingatia ni ile ya uwezo halisi wa kihisi na lenzi. Ile kubwa zaidi hupatikana kwa programu kubuni nukta za katikati, na haiongezi taarifa yoyote mpya.

## Rangi na aina za mafaili

Programu nyingi hutoa chaguo tatu za rangi. Nyeusi na nyeupe tupu hutumia biti moja kwa kila nukta na hutoa faili dogo, lakini hufuta maandishi hafifu ya penseli na mihuri. Kijivu hutumia kwa kawaida biti 8, na hufaa kwa hati nyingi. Rangi hutumia kwa kawaida biti 24, na hufaa kwa picha pamoja na vyeti vyenye mihuri au sahihi za rangi. Hata picha za zamani za nyeusi na nyeupe inafaa ziskaniwe kwa rangi zikiwa zimegeuka manjano au zina madoa, kwa kuwa tofauti ya rangi husaidia kutenganisha doa na picha yenyewe.

Aina kuu za mafaili ni hizi:

* JPEG hubana picha kwa kutupa baadhi ya taarifa. Ni dogo na hufunguka karibu kila mahali, lakini kila likirekebishwa na kuhifadhiwa upya linaweza kupoteza ubora zaidi.
* TIFF huweza kuhifadhi picha bila kupoteza kitu. Hutumiwa sana na maktaba na nyaraka, ingawa ni kubwa.
* PNG hubana bila kupoteza kitu, na hufaa kwa michoro na maandishi.
* PDF hukusanya kurasa nyingi katika faili moja, na ndiyo inayoombwa mara nyingi katika maombi ya kazi na ya vyuo.

Desturi nzuri ni kuhifadhi faili moja kuu la TIFF au PNG lisiloguswa, kisha kutengeneza nakala ndogo ya JPEG au PDF kwa ajili ya kutuma.

## Utambuzi wa herufi

Ukurasa ulioskaniwa ni picha tu: maneno yake hayawezi kutafutwa wala kuhaririwa. Programu za utambuzi wa herufi, zinazojulikana kwa kifupi kama OCR, hulinganisha maumbo yaliyomo kwenye picha na herufi na kutoa maandishi. Tesseract, iliyoanzia katika kampuni ya Hewlett-Packard katika miaka ya 1980 na kutolewa kama programu huria mwaka 2005, ina data ya lugha ya Kiswahili.

Lugha ni muhimu ichaguliwe kwanza. Programu iliyowekwa kwenye Kiingereza inaweza kubadili maneno ya Kiswahili ili yafanane na yale inayoyafahamu. Matokeo huhakikiwa kwa macho, hasa namba, majina ya watu na alama ya ritifaa katika maneno kama ng'ombe na ng'ambo. Maandishi ya mkono, ikiwemo miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ni magumu kwa programu za kawaida za nyumbani, hivyo picha yenye ubora hubaki kuwa nakala ya kutegemewa.

## Hati na picha dhaifu

Skana bapa si salama kwa kila kitu. Kitabu cha zamani kikibanwa kifunguke kabisa juu ya kioo, mgongo wake unaweza kuvunjika na kurasa kuchomoka. Kwa vitabu vya namna hiyo na miswada iliyojalidiwa, njia inayofaa ni kamera iliyofungwa juu ya stendi, kitabu kikiwa kimefunguliwa kiasi tu.

Picha iliyogandana na kioo cha fremu haivutwi kwa nguvu, kwa kuwa tabaka la picha linaweza kubaki kwenye kioo. Huskaniwa pamoja na kioo chake, ikiwezekana kwa skana ya CCD. Picha iliyobanduka kutoka kwenye albamu haipakwi maji wala gundi kabla ya kuskaniwa. Hati yenye ukungu hutenganishwa na nyingine, na hukaushwa mahali penye hewa kabla ya kuwekwa kwenye skana.

Baada ya kuskani, hati asili huendelea kutunzwa. Mafaili hupotea pia, kwa diski kuharibika, flashi kupotea au kompyuta kuingiwa na virusi. Kwa hiyo nakala za kidijitali huwekwa angalau mahali pawili tofauti.

## Matatizo ya kawaida

* Mstari mwembamba ulionyooka kutoka juu hadi chini: mara nyingi ni vumbi au uchafu kwenye ukanda wa kusahihishia mwanga au kwenye kihisi chenyewe.
* Vitone vilevile kila ukurasa: kuna uchafu juu ya kioo.
* Mawimbi au vimiraba kwenye picha ya gazeti: vitone vya uchapaji vinagongana na nukta za skana. Programu nyingi zina chaguo la kuondoa hali hiyo.
* Maandishi ya upande wa pili kuonekana: karatasi ni nyepesi. Karatasi nyeusi ikiwekwa nyuma yake hupunguza tatizo.
* Kompyuta kutoiona skana: hukaguliwa umeme, kebo, mlango mwingine wa USB na kiendeshi, kwa mpangilio huo.

## Utunzaji

Kioo husafishwa kwa kitambaa laini kilicholowanishwa kidogo. Maji au dawa ya kusafishia hainyunyiziwi moja kwa moja juu ya kioo, kwa sababu huweza kupenya kwenye kingo na kuacha doa upande wa ndani. Pini na stepla huondolewa kwenye karatasi ili zisikwaruze kioo. Kifuniko hubaki kimefungwa wakati skana haitumiki, na kufuli ya safari hufungwa tena kabla ya kuihamisha.

## Usalama wa hati

Nakala ya kitambulisho, cheti au hati ya kiwanja inaweza kutumiwa na mtu mwingine vibaya. Anayeskani katika duka la steshenari au mkahawa wa intaneti anashauriwa kuhakikisha kwamba mafaili yake yamefutwa kwenye kompyuta ya hapo, pamoja na nakala zilizobaki kwenye pipa la taka na kwenye barua pepe iliyoachwa wazi. Vitabu na picha za watu wengine hulindwa na sheria za hakimiliki, hata kama kuviskani ni rahisi.

## Skana bapa na simu

Simu janja zenye programu za kuskani zimechukua sehemu kubwa ya kazi ya skana bapa kwa barua na risiti, kwa kuwa ni za haraka na ziko mkononi. Hata hivyo simu hutegemea mwanga wa mahali, kivuli cha mkono na pembe ya kushikia. Skana bapa humulika ukurasa wote kwa namna moja na kudumisha vipimo vyake halisi. Kwa sababu hiyo bado hupendelewa kwa picha za kukuzwa, ramani na michoro yenye vipimo, na hati ambazo nakala yake huenda siku moja ikawa ndiyo pekee iliyobaki.

## Tazama pia

* Kompyuta
* Printa
* Pikseli
* USB
* Nyaraka